Askofu Kibira na Kozi Yangu ya Unasihi

Kila ninaposema kwamba nasoma uzamili wa unasihi, upande wa afya ya akili, huwa napata maswali mawili. La kwanza ni kazi nitapata wapi. Hilo naliacha, maana siku hizi hata wenzangu wa uhasibu wanaulizwa. La pili hutoka kwa wapendwa wa ushirika wetu wa maombi: Mkristo anakwenda kwa mnasihi kutafuta nini wakati Neno lipo, mchungaji yupo na magoti anayo? Wanaouliza si wajinga. Mimi mwenyewe niliwahi kuuliza hivyo hivyo, tena nikiwa kiongozi, na kuna mtu alilipa gharama ya uhakika wangu.

Huyo mtu nitamfikia. Kwanza nimwongelee mwingine, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina tu, au hamumjui kabisa: Askofu Josiah Kibira wa Bukoba.

Mimi ni mtu wa Izigo, wilaya ya Muleba. Kwetu ukitaja mkubwa wa dini aliyetoka upande huu, jina la kwanza ni la Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika zama hizi, mwaka 1960. Ni haki yake. Lakini bibi yangu ni Mlutheri, tena mlokole wa siku nyingi, na picha iliyotundikwa sebuleni kwake juu ya redio ni ya Kibira. Nimekua naiona bila kuiangalia, kama mnavyojua picha za sebuleni zilivyo. Niliiangalia kwa mara ya kwanza likizo ya Pasaka, niliporudi nyumbani sina mada ya utafiti na msimamizi wangu ameshanikatalia mada tatu. Nilikaa pale nakula ndizi, bibi akaanza kusimulia, nami nikaanza kuandika nyuma ya karatasi ya ratiba ya mitihani. Mengine niliyasoma baadaye maktaba.

Jina lake kamili ni Josiah Mutabuzi Isaya Kibira. Alizaliwa Bukoba tarehe 28 Agosti 1925, mtoto wa Isaya na Esteria. Kanisa alilozaliwa ndani yake lilikuwa changa, na mwanzo wake una jambo ambalo Wahaya tunapenda kulisema kwa kujisifu kidogo: Wahaya waliokwenda Uganda walijifunza kusoma huko, wakarudi na vitabu na imani, wakawa wanakutana wenyewe kabla mmisionari wa Kilutheri hajafika. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910 wakakuta watu wanasali tayari.

Shikeni jina hilo, Bethel. Na shikeni mwaka 1925. Mwaka ule ule aliozaliwa Kibira, huko Marekani, mchungaji mmoja aitwaye Anton Boisen alianza kuwapeleka wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, jimbo la Massachusetts, wakae na wagonjwa majira yote ya kiangazi, wawasikilize, wajifunze kwao. Boisen hakuwa mtu wa kuhurumia kwa mbali. Yeye mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali ya akili. Ukisoma kozi yangu, jina lake linakuja wiki ya kwanza, kwa sababu mafunzo ya wachungaji wanaohudumia hospitalini yanaanzia kwake. Wakati huo hakuna mtu Bukoba aliyemsikia, na mtoto wa Isaya alikuwa bado ananyonya.

Kibira alisoma, akawa mwalimu. Mwaka 1947, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akaokoka. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu wengi wetu tunadhani ulokole ni kitu cha spika na kinanda. Uamsho alioingia Kibira ulikuwa umetokea Rwanda na Uganda, ukafika Buhaya kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, nao haukuwa na jengo wala cheo. Watu walikutana nyumbani au chini ya mti. Mtu anasimama, anataja dhambi yake kwa jina: niliiba, nimemchukia ndugu wa mume wangu, nilikunywa nikampiga mke. Anataja mbele ya wote. Akimaliza, wanamwimbia Tukutendereza, wanamkumbatia, na kesho yake anarudisha alichoiba. Walimu, wachungaji na mpishi wa misheni wote wanasimama sawa. Wamisionari wengine waliogopa, na wazee wa koo walikasirika zaidi, maana aibu ya nyumba ilikuwa inatolewa nje kama takataka.

Nikiwa darasani, mhadhiri alipotufundisha tiba ya kikundi, kwamba watu kumi wenye maumivu yanayofanana wakikaa duara na kusema, kila mmoja hupona kwa kugundua kwamba hayuko peke yake, nilicheka kimoyomoyo. Bibi yangu amefanya hivyo tangu kabla ya uhuru, bila ada.

Basi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kibira alikwenda Ujerumani kusoma theolojia, na chuo chenyewe kilikuwa Bethel, karibu na mji wa Bielefeld. Kwa mwanafunzi wa kozi yangu hapa ndipo habari inaponoga. Bethel si chuo tu. Ni makazi yaliyoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa, ambao zamani walifichwa, wakafungwa, au wakadhaniwa wana mapepo. Kuanzia 1872 yaliongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, yakakua yakawa mji mzima wa wagonjwa wa kifafa na wa akili, wenye nyumba, mashamba, karakana na kanisa. Wagonjwa hawakukaa kitandani kungoja. Walifanya kazi, kila mmoja kwa uwezo wake. Chuo cha theolojia kilianzishwa hapo hapo mwaka 1905, katikati yao. Huwezi kusoma Bethel bila kukutana na wagonjwa njiani, dukani na ibadani.

Na kitu ambacho sikukijua mpaka nimefika uzamili, na nina hakika wengi hamkijui: watu hao hao wa Bethel ndio walioanzisha Lutindi, kule milima ya Usambara juu ya Korogwe. Mahali pale palianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika nchi yetu. Mirembe ya Dodoma, ambayo jina lake tunalitumia kutukanana hosteli, ilikuja mwaka 1927. Kwa hiyo mtu anayesema huduma ya afya ya akili ni mambo ya kizungu ya juzi yaliyoingizwa kuondoa maombi, aambiwe kwamba hospitali ya kwanza ya akili Tanzania ilianzishwa na watu wa maombi. Walikuwa na makosa yao, nao walikuwa watoto wa ukoloni kama wamisionari wengine. Lakini hilo la kuona maombi na dawa kuwa maadui hawakuwa nalo.

Sina ushahidi wa Kibira aliwaza nini alipokuwa akipishana na wagonjwa wa kifafa kwenye njia za Bethel, na sitamtungia. Ninachojua ni kwamba alitoka katika kanisa ambalo mtu huponywa kwa kusema, akaenda kuishi katika mji ambao mtu huhudumiwa hata kama hawezi kusema. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960.

Miaka miwili baadaye, nyumbani kwao, watoto walianza kucheka.

Habari hii mmeiona kwenye simu zenu, kila baada ya miezi michache mtu anairusha kama kichekesho: Watanganyika waliocheka mwaka mzima. Sisi wa Muleba haituchekeshi sana. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni kule Kashasha, maili 25 hivi kutoka Bukoba mjini, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Wakafuatiwa na wengine. Kati ya wanafunzi 159, walioshikwa walifika 95. Si kucheka kwa furaha. Walicheka, wakalia, wakakimbia huku na huku, wakapigana na waliojaribu kuwashika. Ikaacha saa chache, ikarudi. Wengine iliwachukua siku kadhaa, aliyechukua muda mrefu kuliko wote siku 16. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi, wasichana wakarudishwa makwao, na baadhi yao kwao kulikuwa Nshamba, huku huku Muleba. Siku chache baadaye Nshamba nako kukaanza. Aprili na Mei walishikwa watu 217. Ikaenda shule nyingine, vijiji vingine. Madaktari wawili, Rankin na Philip, wakapima damu, wakapima chakula na maji, wakatafuta virusi, hawakuona kitu. Mwaka 1963 wakaandika kwamba ni ugonjwa wa hofu inayoambukizana.

Angalieni walioshikwa ni nani: wasichana wa miaka 12 mpaka 18, mbali na mama zao, katika nchi iliyopata uhuru wiki saba tu zilizopita, chini ya kengele na kanuni za bweni. Walimu hakushikwa hata mmoja. Mimi naona watoto waliokuwa na kitu cha kusema na hawakuwa na mahali pa kukisemea, mwili ukasema badala yao. Haya ni maoni yangu, msimamizi wangu ameniandikia pembeni kwamba nipunguze uhakika.

Kanisa lililokuwa na waumini wengi katika vijiji hivyo ndilo lililokuwa linajipanga kujitegemea wakati huo huo. Askofu wake wa kwanza, kuanzia 1961, alikuwa msomi wa Kiswidi, Bengt Sundkler. Kibira alikwenda tena shule, safari hii Marekani, Chuo Kikuu cha Boston, shule ya theolojia ambako Martin Luther King alipata udaktari wake mwaka 1955. Chuo hicho kilikuwa tayari na kituo cha unasihi wa kichungaji tangu 1952, mahali ambapo theolojia na saikolojia zilikuwa zinakaa chumba kimoja na kugombana kwa adabu. Toka Boston hadi Worcester, kwenye hospitali ile ya Boisen, ni mwendo wa saa moja tu kwa gari. Lakini Kibira hakwenda huko kusomea unasihi, nami simfanyi kuwa mnasihi kwa nguvu. Alichokuwa anakifanyia kazi ni ushirika: ni nini kinachomfanya Mhaya aseme huyu ni mtu wetu, na je, kanisa linaweza kuwa kitu hicho?

Kazi hiyo ilikuja kuwa kitabu, kikachapwa mwaka 1974, juu ya kanisa, ukoo na dunia. Ukoo kwa Mhaya si jina la mwisho kwenye cheti. Ni nani atakuzika, nani atakula nawe, nani atakaa na wewe ukichanganyikiwa. Walokole waliwahi kutengwa na koo zao, wakatengeneza ukoo mwingine wa watu wasio na damu moja, na ndiyo maana hadi leo wanaitana ndugu bila utani. Kibira alitoka ndani ya hao, alijua joto lake. Sehemu hiyo inanisaidia kuliko vitabu vyangu vingi vya kozi. Vitabu vyetu vingi vinamwona mgonjwa kama mtu mmoja amekaa kwenye kiti, saa moja, mlango umefungwa. Kwa Izigo huyo mtu mmoja hayupo. Ukimtibu Jumatatu, Jumanne anarudi kwa shangazi, baba mkubwa, mwenyekiti wa jumuiya na jirani mwenye kibanja kinachopakana na chake, na wote wana maoni.

Alirudi, na mwaka 1964 akawa askofu baada ya Sundkler, mwenyeji wa kwanza kukalia kiti hicho. Akakaa miaka 20. Mengi ya miaka hiyo nayapita haraka: ziara, vikao, shule, hospitali ya Ndolage kule juu Kamachumu ambayo ni ya dayosisi, na mkewe Martha nyumbani na kazini. Juni 1977 Walutheri wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam, mkutano wao mkuu wa kwanza katika Afrika, wakamchagua kuwa Rais wa Fungamano la Walutheri Duniani. Mwafrika wa kwanza. Mkutano huo huo ndio uliotamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini si suala la siasa pembeni ya imani bali unagusa imani yenyewe. Mwalimu wa Bukoba akawa anaongoza mamilioni ya watu, wengi wao Wajerumani, Waswidi na Wamarekani, wale waliokuwa wamewatuma wamisionari kwao.

Mwaka uliofuata vita vikaja mlangoni kwake. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaingia hadi mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wa Missenyi wakakimbia wameacha ng'ombe, migomba na maiti. Bibi anakumbuka wakimbizi wakipita kwa miguu, na anakumbuka zaidi waliokaa kimya. Anasema mama mmoja alilala kwao siku tatu hakutamka neno, na walokole hawakumlazimisha kushuhudia. Walimwekea uji, wakakaa naye. Nilimwuliza nani aliwafundisha hivyo. Aliniona kama nimeuliza nani aliwafundisha kupumua.

Halafu mwaka 1983, hapa hapa Kagera, wakagundulika wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania. Neno ushauri nasaha, ambalo leo ni jina la kozi yangu, sisi watoto wa vijijini tulilijua kutoka ukutani kwenye vyumba vya kupimia damu. Kwetu mnasihi maana yake ilikuwa mtu anayekuambia majibu. Hilo nalo linaeleza kwa nini watu wanaogopa mlango wetu.

Kufikia hapo Kibira mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, ambao huanzia ndani ya ubongo: mkono hutetemeka bila ruhusa, hatua hufupika, uso hukauka, na mara nyingi huleta sonona pamoja nao. Fikirini kazi yake ilikuwa nini. Askofu ni mikono: kubariki, kubatiza, kuinua kikombe mbele ya watu. Ni sauti pia. Mwaka 1984 alimaliza urais wake kwenye mkutano wa Budapest, na mwaka huo huo akastaafu uaskofu. Alifariki tarehe 18 Julai 1988, hajafika miaka 63. Chuo kikuu kishiriki kilipofunguliwa Bukoba miaka mingi baadaye, kilipewa jina lake.

Nilimwuliza bibi kama kuna mtu aliyesema ugonjwa wa askofu ulitokana na dhambi au upungufu wa imani. Alikaa kimya kidogo akaniambia wapumbavu hawakosekani popote, lakini kwao walimwombea apone, na hakupona, na hawakumpunguzia kitu.

Sasa nirudi kwa yule mtu wangu.

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza nilikaa chumba kimoja na kijana wa kwetu Kagera, mpole, kichwa kizuri. Nusu ya pili ya mwaka akaacha kulala. Akaacha kwenda lekcha, akaacha kuoga. Mimi nilidhani ni mapenzi au bumu limechelewa. Usiku mmoja, taa imezimwa, akaniambia amechoka kuishi, na akaniambia sababu. Sababu siisemi. Nilimwambia nitamwombea, na hapo nilikuwa mkweli. Kesho yake jioni nilisimama kwenye mkutano wa maombi, watu kama arobaini, nikalitaja jina lake, nikataja chumba, nikataja aliyoniambia, ili waombe kwa kulenga. Waliomba kweli kweli, wengine kwa machozi. Asubuhi watu walianza kugonga mlango na Biblia. Mchana hata muuza chipsi anajua. Siku ya tatu alifunga begi akaondoka, wiki mbili kabla ya mitihani, hakurudi.

Hakujiua, namshukuru Mungu, lakini si kwa sababu yangu. Nilidisko rohoni, kama mnaniruhusu kusema hivyo. Kwa muda nililaumu ushirika, kisha nikalaumu walokole wote na utamaduni wa kusema kila kitu hadharani. Niliingia kozi ya unasihi nikiwa na hasira hiyo, nikapenda sana somo la usiri, nikalichukua kama fimbo ya kuwachapia watu wa dini. Mada zangu tatu zilizokataliwa zote zilikuwa fimbo hiyo hiyo, kwa majina tofauti.

Likizo ile nilimweleza bibi kwa mara ya kwanza. Nilitegemea atetee ushirika wake. Hakutetea, aliniuliza tu yule kijana alisimama mwenyewe? Nikamwambia hapana, nilimsemea. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kwenye uamsho wao, wakati Kibira bado mwalimu kijana na hata baadaye, mtu alitaja lake. Hakuna aliyesimama kutaja la mwenzake. Na hata lake, mara nyingi alilipeleka kwanza kwa ndugu mmoja aliyemzidi, njiani kwenda kisimani au shambani, wakalipima pamoja: hili ni la kusema mbele ya wote, hili ni la kwenda kumwambia mumeo peke yake, hili tutalibeba sisi wawili hadi kaburini. Bibi anabeba mambo ya watu sita. Watano wameshakufa. Hakuniambia hata neno moja la hao watano, na nilijaribu.

Kumbe kulikuwa na mlango uliofungwa ndani ya ukoo ule wa wazi. Mimi nilirithi uwanja nikaacha chumba. Siku hizi tuna ushirika mkubwa, tuna vipaza sauti, tuna kundi la simu la maombi lenye watu mia mbili, lakini yule ndugu wa njia ya kisimani hayupo, na hakuna anayefundishwa kuwa yeye. Mchungaji mmoja ana waumini elfu, mshauri wa wanafunzi ni mmoja kwa kampasi nzima. Ninapoulizwa Mkristo anatafuta nini kwa mnasihi, jibu ninalolitoa sasa ni hilo: anamtafuta yule ndugu, ila awe na mafunzo ya kutambua sonona inapofika mahali pa kuhitaji daktari na dawa, maana hata yule ndugu wa kisimani alikosea mara nyingi kwa kutojua. Walioanzisha Lutindi walilielewa zamani. Kibira aliishi pande zote mbili, ushirika wa Bukoba na mji wa wagonjwa wa Bethel, na mwisho akawa mgonjwa mwenyewe ndani ya ushirika.

Mada ya nne msimamizi ameipitisha. Ni juu ya vikundi vya maombi vya wanafunzi vyuoni, namna vinavyotunza au kumwaga siri za wanaoomba msaada, na kama viongozi wake wanaweza kupewa mafunzo mafupi ya kusikiliza. Nahitaji vikundi vitakavyokubali kuhojiwa. Mkijisikia, nitafuteni, sitataja jina la kikundi wala la mtu.

Yule kijana nilimkuta kabla likizo haijaisha. Ana meza ya kutengeneza simu karibu na barabara, si mbali na kwetu. Nilimwomba msamaha, nikiwa nimesimama, watu wanapita, mpaka akaniambia nikae kwanza. Alinipa stuli. Alikuwa anafungua simu ya mtu, skrubu ndogo ndogo kaziweka kwenye kifuniko cha soda. Hakuniambia amenisamehe. Aliniuliza kama kozi yangu inafundisha kunyamaza, nikasema ndiyo, muhula mzima, akacheka.

Makala hii nilimtumia kabla ya kuipeleka kwa mhariri, nikamwambia akate anachotaka. Alikata aya mbili. Moja ilikuwa nzuri sana, lakini ni yake.